Kumtaja Mwenyewe

Wana wa Darajani hawakuwa na ofisi wala cheti, na wengi wao hata wake na waume zao hawakujua wanaenda kufanya nini Kimilili kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mzee Wekoye, aliyewapa chumba cha nyuma cha hoteli yake, aliwaambia wateja kwamba ni chama cha kuzikana. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kueleza kwamba watu wazima wenye watoto wao wamejifungia humo wanabishana juu ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mwanamke huyo ni Sabeti. Alikuwa mtu wa mchezo wa redio, kwenye redio moja ya hapa kwetu ambayo siku hizi haina kitu ila matangazo ya kubeti. Kwa miaka mingi, jioni ikifika, watu kutoka Kitale hadi Bungoma walimsikiliza Sabeti akigombana na mumewe, akigombana na mashemeji, na zaidi ya wote akigombana na mama yake mzazi, ambaye walikuwa hawajasemezana tangu harusi. Siku ya mwisho Sabeti aliletewa habari kwamba mama anaumwa. Akafunga virago, akashika njia, akafika darajani, akaweka mguu mmoja juu ya ubao. Wimbo wa kufunga ukapigwa. Kesho yake, saa ile ile, kulikuwa na kijana anatabiri matokeo ya mpira. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna aliyesema hata kwaheri. Waliochukua mkono wa Sabeti na kumvusha ni mashabiki wenyewe, kila mtu kwa njia yake, wakiandika sura mpya kwa simu zao, bila kulipwa hata asante.

Zuena binti Hamid ndiye aliyeanzisha kundi, yeye na Wangechi. Zuena alikuwa akiuza kwenye duka la dawa za mifugo pale Kitale, si mbali na msikiti. Wangechi alikuwa msusi Bungoma, mtoto wa watu waliohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Walikutana kwenye ukurasa wa ile redio, wote wawili wakiitukana, na wakapendana kwa matusi yale. Tangu hapo Zuena aliandika na Wangechi akasoma. Sura ikitoka Kitale asubuhi, mchana wateja wa Bungoma wanasomewa wakiwa wameshikwa vichwa, wanacheka hadi mistari ya nywele inapinda.

Sasa ule mkutano wa Kimilili ulikuwa na desturi yake, na hapo ndipo penye kisa. Mtu hakusoma kazi yake mwenyewe. Zote zilipelekwa kwa Kemboi, msoma matangazo wa kanisani kwake, mwenye sauti moja isiyopendelea mtu, naye akazisoma bila kutaja jina. Wasikilizaji ndio waliotaja. "Hiyo ni ya mwalimu, anapenda sana watu waanguke kwenye matope." "Hiyo ya Wekoye, angalia ni kula tu." Aliyetajwa alisimama, wakampigia makofi, sura yake ikaingia kwenye kundi lao la simu. Waliiita kumtaja mwenyewe. Ulikuwa mchezo tu mwanzoni. Zuena hakuwahi kupita aya ya kwanza bila kutajwa, kwa sababu hakuweza kumwingiza mtu mlangoni bila kumchokoza kwanza. Hata maiti yake ingetaniwa. Akisimama kupigiwa makofi alijifanya amechoka na sifa, lakini ukweli ni kwamba aliishi kwa ajili ya dakika ile. Hakuwa na mume wala mtoto. Dukani aliitwa "huyo wa dawa ya kupe". Kimilili palikuwa mahali pekee duniani ambapo watu walisikia maneno yake kutoka kinywani mwa mtu mwingine na wakasema, ni Zuena.

Ndipo hizi akili bandia zikaja, na makundi mengine yakafa macho yakiwa wazi. Kule Facebook sura zilimiminika asubuhi na jioni, zote laini, zote zinaanza na jua kuchomoza na kuishia na tumaini. Wasomaji walishukuru, kisha wakachoka, kisha wakaondoka, hata ikabaki ni mashine zinasifiana. Zuena alisema Wana wa Darajani hawatakufa hivyo. Yeye ndiye aliyetunga sheria, na aliitunga kwa hasira: sura yoyote haiingii kwenye kundi mpaka imetajwa Kimilili kwa kinywa cha Kemboi. Isiyotajika inatoka, na aliyeileta anatoka nayo. "Mashine haina mwenyewe," aliwaambia. "Sisi tunajuana. Nani atatudanganya?"

Na sheria ilifanya kazi, usiseme. Waliwatoa watu kadhaa, miongoni mwao binti mmoja wa Kamukuywa, Jelimo, aliyelia akasema ameandika kwa mikono yake. Zuena alimwambia kwa upole kwamba kama ni mikono yake, watu wangeiona. Hakulala vizuri wiki ile, lakini kundi lilibaki safi, na alijivunia usafi ule kama mwanamke anavyojivunia ua lililofagiwa.

Kisha mama yake Zuena akafariki, akazikwa siku ile ile kabla ya alasiri, na Zuena akanyamaza.

Watu walidhani ni wiki mbili tatu. Ikawa mwezi, ikawa miezi. Alikaa dukani akipima dawa na kujibu maswali ya ng'ombe wa watu. Akifungua simu aandike, Sabeti alikuwa pale pale alipomwacha, mlangoni kwa mama yake, mkono umeinuliwa kubisha hodi. Miaka saba Zuena alikuwa amemvusha daraja, akampitisha sokoni, akamgombanisha na makanga wa matatu, akamchelewesha kwa makusudi, kwa kuwa wasomaji walipenda kucheleweshwa. Sasa alibakiza mlango tu, na hakuweza kuufungua. Wangechi alituma sauti: "Zu, sasa. Pole tena. Hakuna haraka, lakini hawa wamama wananimaliza na maswali." Zuena alisikiliza, akairudisha simu chini ya kaunta.

Aliyemtoa kwenye ukimya ule ni sufuria. Kwenye msiba majirani walikuwa wameleta vyombo, kila mtu na alama yake, huyu rangi nyekundu ya kucha, huyu herufi aliyokwangua kwa msumari, huyu uzi kwenye mkono wa kifuniko. Zuena alivirudisha vyote akabaki na sufuria moja isiyo na alama. Akaipeleka nyumba hadi nyumba. Si yangu. Si yangu mwanangu, jaribu kwa Mama Shamira. Mama Shamira akaigeuza, akamtazama kwa huruma, akasema, "Zuena, si hii ni ya mama yako?" Alikuwa amepikiwa ndani ya sufuria ile maisha yake yote na hakuitambua. Alirudi nayo nyumbani akaiweka jikoni. Hakulia. Wiki zikapita, halafu siku moja, katikati ya mteja wa mbegu na mteja wa chumvi ya ng'ombe, akaanza kuandika kwenye simu, polepole, kwa maneno makavu ambayo yeye mwenyewe hakuyazoea. Sabeti alibisha hodi, mlango ukafunguliwa na jirani, mama alikuwa ameshazikwa. Sura nzima ilikuwa Sabeti akirudisha vyombo.

Hakukuwa na utani hata mmoja. Aliutafuta, haukuja. Lakini alipomaliza alijua kwamba hajawahi kuandika kitu cha kweli kama kile.

Hakutaka kuituma kwa simu. Tajiri wake alipomtuma Bungoma kuchukua mzigo, alipita kwa Wangechi bila kumwarifu, ili amwone uso akisoma. Ilikuwa mchana. Alipofika mlangoni pa saluni alisikia Wangechi akisoma kwa sauti, na wateja wawili wakicheka, na Zuena naye akatabasamu pale nje kwa sababu alijua mara moja ni sura yake. Alijaribu kukumbuka ni ipi.

"'Nani?' sauti ikauliza kutoka ndani," Wangechi alisoma. "'Ni mimi, mama.' 'Mimi ni wengi. Wewe ni mimi gani, yule anayenisahau, au yule anayenikumbuka akisikia njaa?' Sabeti akashika ukuta. Miaka yote ile aliyotunga cha kusema, na bibi kizee amemshinda kabla hajafungua komeo."

Wateja walipasuka. Zuena alibaki na mguu nje. Alikuwa hajaandika maneno yale. Yalikuwa yake, kila kitu ndani yake kilikuwa chake, hata hilo komeo, na hakuwa ameyaandika.

Wangechi aliinua macho akamwona. Simu ilimponyoka ikaangukia mapajani mwa mteja.

"Zu," alisema. "Ulikuja saa ngapi?"

"Hiyo ni nini unasoma?"

Wangechi alimwomba mteja angoje, akamvuta Zuena nyuma, pale penye ndoo za maji. Hakujaribu kudanganya. Alisema alingoja. Alingoja hadi akaogopa. Binti mmoja wa pale saluni alimwonyesha hiyo AI kwenye simu, akamwambia unaweza kuipa sura zote, tangu mwanzo, inazisoma kwa muda wa kunywa maji, kisha unaiambia iendelee. "Nikaipea zote, Zu. Nilikuwa nataka tu kuona. Ati nione vile itaharibu nicheke. Lakini haikuharibu."

"Na mama yupo hai."

"Mimi sikuiambia chochote kuhusu mama yako. Haki ya Mungu. Ilifungua tu mlango, na mama akawa hapo."

Zuena alisema mambo ambayo hayafai kurudiwa hapa. Alisema angalau mwizi wa kuku huacha manyoya. Wangechi alisimama akayapokea yote, macho chini, mafuta ya nywele yakimkaukia vidoleni.

"Wewe ulikuwa umenyamaza," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa na hamu na wewe. Hiyo ndiyo makosa yangu. Nitafuta, na wasee wa Kimilili hawatajua."

Angekubali hapo, kisa kingeishia penye ndoo. Lakini Zuena alikuwa Zuena. Alitoa simu yake akamwonyesha sura mpya. "Hii nimeandika mimi. Usisome. Utaituma kwa Kemboi pamoja na hiyo takataka yako, bila jina, kwa namba asiyoijua, zisomwe zote mbili Jumapili. Watu watataja."

Wangechi alimtazama. "Usifanye hivyo."

"Kwa nini?"

"Zu, usifanye. Tafadhali."

"Wale watu wananijua tangu lini? Miaka saba wananisikia. Unadhani hawatajua mimi na kopo?"

Wangechi alishika ukingo wa ndoo. Zuena aliona hofu usoni mwake na akadhani ni hofu ya kuaibika mbele ya watu. Alimtumia sura yake pale pale, akaenda kuchukua mzigo wake, na njiani alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa na hakika kabisa.

Jumapili ya Kimilili ilikuwa ya mvua, na chumba cha nyuma kilijaa watu na miavuli. Walipomwona Zuena walisimama, wanawake wakamkumbatia, wanaume wakampa pole kwa mikono miwili. Mzee Wekoye alimletea chai yeye mwenyewe. "Kalibu, binti yangu. Chumba kilikuwa baridi bila wewe." Zuena alikaa karibu na dirisha. Wangechi alikaa upande wa pili, mbali, mkoba kifuani. Kwa kuwa anajua ya nani ni ipi, walikuwa wamekubaliana hatataja.

Kemboi alisoma za watu wengine kwanza. Mwalimu alitajwa, akacheka, makofi. Kisha akakohoa, akafungua nyingine.

"'Sabeti aliinua mkono abishe hodi, akaushusha, akajikagua viatu. Mama yake angeweza kumsamehe miaka ya ukimya, lakini si viatu vichafu.'"

"Zuena," walisema watu watatu kwa pamoja.

Kemboi akaendelea kusoma, na chumba kilibadilika. Zuena alikuwa amejiandaa kwa hilo, alijua ya kwanza itawapumbaza kidogo, hawajasikia ya pili bado. Asichojiandaa nacho ni yeye mwenyewe. Mlango ulifunguliwa, na bibi kizee akamuuliza Sabeti ni mimi gani, kisha akamwambia aingie kabla chai haijapoa, akamkaripia kwa wembamba wake, akamvua kitambaa ili aone kama nywele bado zinakatika. Ndivyo mama yake Zuena alivyokuwa akifanya. Hakuna mtu duniani aliyeiambia mashine hilo. Au labda Zuena mwenyewe alilisema kidogo kidogo, sura hii na ile, bila kujua, na mashine ikaokota. Alijikuta amesogea mbele kwenye kiti. Alitaka Kemboi asifike mwisho. Alipofika, Sabeti alikuwa amelala na kichwa mapajani mwa mama, hai wote wawili, na Zuena alikuwa na machozi hadi kidevuni.

Watu waliona yale machozi wakaelewa walivyoelewa. Hawakupiga makofi haraka. Mzee Wekoye alifuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Huyu mtoto amefiwa," alisema. "Amefiwa ndio sababu amemfufua. Mtu hawezi andika hivyo kama hajazika."

"Umerudi, Zu," mwalimu alisema. "Tulikungoja."

Zuena alitikisa kichwa, akainua mkono kuwaambia subirini. "Bado iko moja," alisema. "Sikilizeni hiyo pia."

Kemboi alisoma. Sauti yake ilikuwa ile ile isiyopendelea mtu. Sabeti alibisha hodi, jirani akafungua. Mama alikuwa ameshazikwa. Kulikuwa na vyombo uani. Kimoja kilikuwa na rangi ya kucha. Kimoja kilikuwa na uzi. Sabeti alivipanga kwenye beseni, akatoka. Kwa jirani wa kwanza aliambiwa keti, akasema hapana. Kwa jirani wa pili aliambiwa keti, akasema hapana.

Mvua ilipiga mabati. Mtu mmoja aliangalia simu yake. Zuena alitazama midomo ya watu, akingoja jina. Alijiambia watataja ikifika kwenye sufuria. Ilifika kwenye sufuria. Alijiambia watataja Mama Shamira akigeuza, ingawa kwenye hadithi alikuwa jirani tu, hana jina. Jirani akageuza, akasema ni ya mama yako, na Sabeti akarudi nayo, akaiweka jikoni. Hapo sura ikaisha.

"Ni hiyo tu?" mtu aliuliza.

Kemboi aliangalia chini ya simu kuhakikisha. "Ni hiyo."

"Ya nani?"

Hawakutaja. Walitazamana. Jeruto, mama mmoja muuza mboga ambaye alikuwa mwepesi kuliko wote kutaja, alifumba macho akafikiri, akayafumbua. "Mimi sioni mtu hapo," alisema.

"Hii ni ile kitu," mwalimu alisema. "Imekauka bana. Nani ataandika stori nzima ya sufuria? Mama amekufa na mtoto hata halii, anatembeza vyombo."

"Pengine ni mtu anajifunza," Jeruto alisema.

"Anajifunza kwa nani? Hakuna mtu wetu anaandika hivi. Hata uchungu haina. AI haina mama, itajuaje kulia?"

Walicheka kidogo, bila ubaya. Zuena alikuwa ameshika kikombe na chai ilikuwa imepoa. Angeweza kusimama. Neno moja tu lingetosha, ni langu, na alijua wangeaibika, wangemzunguka, wangeanza kuona mambo ndani ya sura ile ambayo hawakuyaona, wakaisifu hadi apate kichefuchefu. Wangemtaja kwa sababu ameshajitaja. Alifikiria Jelimo wa Kamukuywa, jinsi alivyosimama pale pale akisema ni mikono yangu. Hakuwahi kumtafuta.

"Wewe ndiye mwenye sheria," Kemboi alimwambia. "Tuseme nini?"

Chumba kizima kilimgeukia, kwa upendo. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Hakukuwa na adui mle ndani.

"Haikutajwa," Zuena alisema. "Itoke."

"Na aliyeileta?"

"Ataondoka mwenyewe. Msimtafute."

Kemboi aliifuta. Mtu mmoja alisema bado sheria inafanya kazi, tuko salama, na wengine wakaitikia. Wekoye akaleta mandazi.

Zuena alitoka kabla ya sala ya kufunga, akasema anawahi Kitale. Wangechi alimfuata hadi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, jirani na hoteli. Mvua ilikuwa imepungua. Walisimama wakitazama maji kwenye mtaro.

"Nilikwambia usifanye," Wangechi alisema.

"Wewe ulijua hawatanitaja."

"Niliisoma. Ulisema nisisome, nikasoma. Niliilia, Zu. Niliilia kwa sababu najua mama yako na najua ile siku ya mazishi. Lakini kama ningeisikia tu pale ndani, kama wao..."

"Ungesema ni ya nani?"

Wangechi aliukumbatia mkoba wake. Angeweza kumdanganya, na Zuena aliomba moyoni amdanganye.

"Ningesema haina mtu," Wangechi alisema. "Nisamehe. Wewe umebadilika tangu mama aende. Hata ukiongea. Unaongea mtu haskii ni wewe. Ile ya simu, ile ndiyo wewe nilikuwa najua."

Basi ilikuwa hivyo. Zuena alijenga ua kuzuia mashine isiingie, na mashine ilikuwa imekaa ndani, imevaa nguo zake za zamani, watu wanaipa pole na chai, na aliyebaki nje ni yeye. Hakukuwa na mtu wa kulaumu. Aliyeandika vile vichekesho kwa miaka saba alikuwa na mama. Huyu aliyesimama kibarazani hakuwa naye, na wale watu hawajawahi kukutana na huyu, na sheria yake mwenyewe haikuwa na nafasi ya kumkaribisha.

Simu zao zililia pamoja. Ni Kemboi, ameweka sura iliyotajwa kwenye kundi, chini yake jina la Zuena. Majibu yalianza kuingia papo hapo, mioyo na machozi, karibu tena dada, usitupotelee, iliyobaki lini?

"Nitawaambia ukweli," Wangechi alisema. "Niandike sasa hivi? Nitaandika ni mimi, wanitoe."

Zuena alikuwa amefungua ile sura na alikuwa anasoma, midomo ikicheza bila sauti. Alifika pale bibi kizee anapomvua Sabeti kitambaa, akarudi nyuma akasoma tena. Wangechi alimwita jina mara mbili.

"Hiyo kitu yako," Zuena alisema bila kuinua macho. "Ukiiambia iendelee. Mama atakuwepo asubuhi?"

"Zu."

"Nakuuliza tu."

Wangechi alimtazama, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akilia. "Nikiiambia awepo, atakuwepo."

"Na ataongea?"

"Ataongea."

Zuena alikunja kanga kichwani, akasogea karibu na rafiki yake hadi mabega yao yakagusana, ili wote wawili waweze kuona kioo.

"Iambie," alisema.